Mama mkwe amejaza kuni hadi chumba cha watoto, mume anataka tuzitoe akiwa kanisani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Ipuli hapa Tabora mjini. Mume wangu ni fundi pikipiki, mimi nina cherehani yangu barazani. Naomba kwanza ujue kwamba sina ugomvi na mama mkwe. Nikieleza jambo hili watu hudhani natafuta njia ya kumwondoa mama wa watu nyumbani kwa mwanawe, na si hivyo kabisa. Uzazi wangu wa kwanza aliniuguza yeye. Ananiita mwanangu, na mimi simwiti jina jingine zaidi ya mama.

Alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki. Walikuwa wakulima wa tumbaku kule Kaliua, na nyumba ya kule amebaki nayo shemeji. Mama alikuja na sanduku la nguo, ungo na shoka. Siku za mwanzo akitoka sokoni alikuwa harudi mikono mitupu, ataokota kijiti hapa, kipande cha ubao pale. Tukasema ni mazoea ya shamba, yataisha. Hayakuisha. Akaanza kununua mizigo kwa wanaume wa baiskeli wanaotoka porini asubuhi, kisha akawa anaagiza toyo nzima, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Wifi yangu aliye Dar humtumia hela kila mwezi ya dawa za presha na mahitaji yake madogo madogo. Zote zinaishia kwenye kuni.

Nikueleze nyumba ilivyo. Ukuta wa nyuma wote umefunikwa na kuni, zimepita dirisha la jikoni kiasi kwamba mchana tunawasha taa. Jiko la nje lilishajaa siku nyingi, huwezi hata kusimama ndani. Stoo ndiyo usiseme. Kwenye korido tunapita kwa ubavu. Kiangazi kilichopita zikaingia chumba cha watoto, ambacho mama analala nao: chini ya vitanda, nyuma ya mlango, hadi juu ya kabati. Binti yangu mkubwa sasa analala sebuleni kwenye godoro, kwa sababu kitanda chake kimepangwa vipande vya mti wa mtundu ambavyo mama anasema ndizo kuni bora na hazifai kulala nje.

Na hazipikiwi. Hilo ndilo linalonichanganya kuliko yote. Nikichukua ukuni ananiambia kwa upole, "Huo uache mwanangu, ni wa masika." Masika yakaja, mvua ikanyesha tangu Novemba hadi Aprili, nikasema sasa tutazitumia. Akasema hizo ni akiba ya masika yajayo. Mimi napikia mkaa wa kununua ndani ya nyumba iliyojaa kuni! Mchwa wameshapanda, wamekula fremu ya mlango wa stoo. Mtoto mdogo aliumwa na nge akitafuta kiatu chini ya kitanda, alilia usiku kucha.

Usiku mama huamka na tochi ya simu, anazipitia, anazigusa moja moja. Ukihamisha kipande anajua. Mwaka jana mume wangu alimuuzia mama lishe mmoja nusu toyo bila kumwambia mama. Alipogundua hakupiga kelele. Alikaa chini mchangani akalia kama yuko msibani, na chakula hakugusa hadi kesho yake. Halafu akaanza kutoka peke yake kabla hakujapambazuka, anaelekea vichakani, anarudi na mzigo kichwani. Haukupita muda kuni zikawa nyingi kuliko zilivyokuwa kabla ya kuuzwa zile.

Shemeji yangu mwingine yuko Finland. Alipopata habari alicheka, akatuma picha za nyumba za huko, kuni zimepangwa ukuta mzima, akaandika, "Mwacheni mama, huku kila mtu anazo." Mama alifurahi mno. Kila mgeni anayeingia kwetu huonyeshwa picha zile.

Sasa mume wangu amechoka. Jumapili mama huenda kanisani na wenzake wa kwaya ya akina mama, hurudi saa nane. Mume ameshaongea na mwenye toyo na mama lishe wawili watakaonunua. Anataka mimi nisimamie, yeye atakuwa gereji, ili mama akirudi akute kweupe. Anasema atalia siku mbili kisha atasahau, na mtungi wa gesi tulionunua, ambao bado uko kwenye boksi, utaanza kazi. Wifi yeye anasema mama hana kosa, ameingiliwa kichawi, apelekwe kwa mtaalamu anayemfahamu upande wa Nzega. Majirani nao wana maneno, kuna mmoja alimuuliza binti yangu bibi yako huwa anakwenda wapi usiku usiku. Maneno ya watu siyajali sana.

Mimi naiogopa hiyo Jumapili. Nifanye nini?

Mama Wawili, Ipuli, Tabora

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Toyo isije Jumapili. Mwambie mumeo leo, kabla hamjala chakula cha usiku. Barua yako yenyewe imetoa ushahidi: aliuza nusu toyo kwa siri, kuni zikarudi nyingi zaidi, na mama akaongeza jambo ambalo hakuwa nalo, la kutoka gizani peke yake. Safari hii mkizitoa zote, mama atapoteza kuni na mwanawe kwa mpigo, kwa sababu hatamwamini tena. Na wewe anayekuita mwanangu ndiye atakayekukuta umesimama mlangoni. Mumeo asikubebeshe mzigo huo. Mama ni wake, na mazungumzo haya ni yake.

Nizungumzie kwanza bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, maana nadhani watoto wake wamesahau walichokulia. Tumbaku ya mvuke ya Kaliua na Urambo haikauki kwa jua. Jani linafungwa kwenye vijiti, linaning'inizwa ndani ya bani, na tanuru linaingiza joto. Karibu wiki nzima moto ule haulali. Unaanza na joto la chini mpaka jani liwe njano, unalipandisha kidogo kidogo mpaka jani likauke, unamaliza na joto kali mpaka kikonyo nacho kikauke kabisa. Moto ukilegea katikati, jani linageuka kahawia, linapata mabaka, na sokoni gredi inaanguka. Moto huo unakula kuni za matela, si za kubeba kichwani. Na mabani yanawaka wakati mvua za mwanzoni mwa mwaka zinanyesha kweli kweli, kwa hiyo asiyekusanya kiangazi hana pa kukimbilia: za porini zimelowa, za jirani zina mwenyewe. Wakati huo mbolea ilishachukuliwa kwa mkopo kupitia chama cha msingi. Tumbaku iharibike isiharibike, deni linasubiri.

Muulizeni mama nani alikuwa anakesha. Muulizeni ilikuwaje saa tisa usiku, mvua inapiga bati, akienda kutazama rundo na kuhesabu kama zitafika asubuhi. Baba mkwe wako alipokuwa hai, hofu hiyo ilibebwa na watu wawili na ilikuwa na mwisho wake, tumbaku ikishauzwa. Sasa mwenzake hayupo, bani halipo, msimu wa kuuza haupo. Hofu imebaki peke yake na haijui ikome lini.

Lakini bani tu halitoshi kueleza haya. Wako akina mama wengi waliokausha tumbaku miaka na miaka na leo wanapikia gesi bila kugeuka nyuma. Ninachokisoma kwako ni zaidi ya mazoea. Kuna maradhi ya kulimbikiza vitu, na madaktari wanayatambua. Zamani yalihesabiwa kuwa tawi la ugonjwa wa wasiwasi na kurudiarudia mambo. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliyapa nafasi yake peke yake katika mwongozo wao, na Shirika la Afya Duniani nalo likayaweka katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Huzidi kadiri umri unavyosogea, na mara nyingi pigo kama msiba huyachochea. Mmoja atalimbikiza magazeti, mwingine makopo na mifuko ya plastiki. Mtu wa namna hii kutoa hata kipande kisicho na thamani humuuma kweli, vitu huteka vyumba mpaka hakuna anayeweza kulala wala kupika humo, na mara nyingi mwenyewe haoni tatizo liko wapi. Si uchafu, si ubahili, si ukorofi wa uzee. Mimi si daktari wake na siwezi kumpa jina la ugonjwa kwa kusoma barua, ila uliyoyaeleza yanatosha kumpeleka akaonwe.

Na hapo kuna jambo nataka ulishike kabla ya yote. Umesema hela ya dawa za presha inaishia kwenye kuni. Je, dawa anakunywa? Mama wa umri huo, halali usiku, anabeba mizigo kichwani alfajiri, na pengine hajameza kidonge cha presha kwa miezi! Hilo haliwezi kusubiri. Wiki hii apelekwe hospitali ya Kitete, apimwe presha, na mumeo aingie naye kwa daktari. Humo humo ndani aeleze na mengine: usingizi, kuni, kilio, lini yalianza, kama yalikuwapo hata kabla ya msiba au yamekuja baadaye. Aseme pia kama mama anasahau majina, anapotea njia, au anarudia maneno yale yale, kwa sababu tabia ikibadilika uzeeni daktari lazima aangalie na ubongo. Kisha aombe waelekezwe kitengo cha afya ya akili. Msimdanganye mama kuhusu safari hiyo. Mwambieni mnataka apimwe presha na apate usingizi, nayo ni kweli. Najua wengi wakisikia afya ya akili wanawaza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe na malango yake, wanakimbia. Tiba ya jambo hili kwa kawaida ni mazungumzo na mtaalamu, ya wiki nyingi, akimsaidia kuachilia kidogo kidogo bila kuumia, na kama kuna huzuni ya msiba nayo ikatibiwa. Anatibiwa akiwa anarudi kwake kulala. Dawa za presha, wifi yako azilipie moja kwa moja au amtumie kaka yake azinunue, na mama aelezwe hivyo waziwazi.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoipita haraka, kwamba maneno ya watu huyajali sana. Yajali, mwanangu. Tazama jirani anachokiona: mama mzee, mjane, mgeni mtaani, anatoka gizani peke yake kuelekea vichakani, na usiku kuna mwanga wa tochi unazunguka nyumba yenu. Na mtu aliyepikia kuni maisha yake yote na kukesha kwenye moshi wa bani, macho yake huwa mekundu. Wewe ni mtu wa Tabora, najua umeshanielewa. Tabora, Shinyanga na Mwanza zimezika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu ya macho yaliyoharibiwa na moshi, na maneno yao yalianza hivi hivi, kwa swali linaloonekana dogo.

Ndiyo maana kwa huyo mtaalamu wa Nzega asipelekwe. Simjui na simsingizii. Lakini mkienda kuuliza nani amemwingilia mama, mmeshafungua mlango wa ramli chonganishi, na anayepiga ramli lazima ataje mtu. Litatoka jina la jirani, mtagombana mtaa mzima. Au litageuzwa, litatoka jina la mama mwenyewe. Neno hilo likishatoka nje ya uzio wenu hamtaweza kulikusanya. Wifi yako anampenda mamake, sina shaka, kwa hiyo mumeo ampigie simu amweleze hili kwa utulivu, asimkaripie.

Safari za alfajiri zikome kuanzia kesho. Msimfungie mlango. Mumeo amwambie, "Mama, ukitaka kwenda kuni, twende wote jua likishatoka," na aende kweli, hata kama wateja wanamsubiri gereji. Wakirudi wapite katikati ya mtaa na mzigo wao, waseme mwangaluka kwa kila nyumba, mama asimame aulize habari za watoto, watu wamjue ni nani na anabeba nini. Mumeo amwendee mwenyekiti wa mtaa na mjumbe, awaambie mama amefiwa, hapati usingizi, yuko kwenye matibabu. Yule jirani aliyemuuliza binti yako naye afuatwe kwa heshima aelezwe vivyo hivyo, kwa sababu mtu akishajua sababu huwa haitafuti nyingine. Ipo Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928 na inamfanya anayemtaja mwenzake kuwa mchawi kuwa na kosa. Msianze kwa kumtishia nayo mtu, ila mjue ipo.

Turudi kwenye picha za Finland. Shemeji yako ana nia njema lakini amemdhuru mama bila kujua. Kule baridi ni kali kwa miezi mingi, kuni zinapasha nyumba joto na kuwasha sauna, chumba chao cha kuogea mvuke. Sisi hapa Juni na Julai usiku tunaongeza blanketi, basi. Halafu zitazameni picha zenyewe vizuri. Kuni za kule hukaa nje chini ya paa, zimeinuliwa kutoka ardhini, upepo unapita kati yake. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo wanaupasua na kuuacha ukauke kiangazi kizima ndipo wauwashe. Baridi ikiendelea rundo linapungua, na linapokwisha hakuna anayelia, kwa sababu liliwekwa ili liishe. Muombeni shemeji ampigie mama yeye mwenyewe, amweleze hayo kwa sauti yake: kuni zake wanazichoma, na hakuna anayelaza kuni kitandani mtoto akalala chini. Maneno ya mtoto aliye mbali mama huyasikiliza sana. Alisababisha, basi asaidie kurekebisha.

Kuhusu rundo lenyewe, msiombe mambo kumi. Ombeni chumba cha watoto. Mumeo akae na mama jioni, wawili tu, wewe usiwepo, watoto wasiwepo. Asianze na uchafu wala mchwa. Amuulize habari za bani kama nilivyosema, asikilize mpaka mwisho, hata ikichukua usiku mzima. Kisha aseme jambo moja: "Mama, mjukuu wako aliumwa na nge chini ya kitanda. Nataka walale chumba kisicho na kuni. Wewe utaniambia kila ukuni uende wapi, mimi nitabeba." Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mkono wa kuchagua uwe wa mama, mkono wa kubeba uwe wa mwanawe. Waanze na kitanda cha binti, na kama siku ya kwanza zimetoka chache, ziwe chache. Wavae viatu vya kufunika, na kila ukuni ugeuzwe kwa fimbo kabla ya kushikwa, kwa sababu rundo lililokaa bila kuguswa lina nge na linaweza kuwa na nyoka.

Ziende wapi? Mumeo ni fundi, asimamishe uchanja nje, mbali kidogo na ukuta, umeinuka hadi usawa wa goti, bati juu, pembeni wazi. Mchwa hupanda kwenye kuni inayogusa ardhi na ukuta, ndiyo maana fremu yenu imeliwa. Kabla hajachimba nguzo, amwombe mama ampigie hesabu. Huyu ni mwanamke aliyeweza kutazama bani lililojaa na kusema kuni hizi zitafika au hazitafika, na maisha ya nyumba yake yakategemea jicho lake. Muulizeni: nyumba ya watu watano, kupika mara mbili kwa siku, masika nzima, inahitaji kiasi gani? Mwacheni afikirie, apime kwa hatua, aonyeshe kwa mikono. Jibu atakalotoa ndilo liwe ukubwa wa uchanja, na kama atauongeza kidogo kwa hofu, ongezeni. Makubaliano ni kwamba uchanja ukijaa umejaa, na mzigo mpya unaingia ule wa zamani ukishapungua. Atasahau, atajaribu kupitisha vijiti kwa mlango wa nyuma. Mkumbusheni hesabu yake mwenyewe, bila kufoka.

Kisha kuni ziwake, na moto uwe wa mama. Makande, maharage, matobolwa, vyote hivyo vinataka moto wa muda mrefu, na sidhani kama kuna anayejua kuutunza kuliko yeye. Siku moja kwa wiki mwambie, "Mama, leo tupikie kwa kuni zako." Mwanzoni atachagua zilizopinda na zilizotobolewa na mchwa. Sawa, hizo hizo. Apikie nje kwenye hewa, au kwenye jiko banifu, na watoto wasikae kwenye moshi, maana Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto wadogo wengi. Wewe fungua boksi la gesi, chemshia chai na uji wa asubuhi, mkaa upungue. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na nyumba yenu itafika huko. Ila mtungi usiletwe mbele ya mama kama fimbo. Ukae jikoni kwako, uuzoee wewe, siku moja ataomba umchemshie maji ya kuoga.

Na wewe nikuambie, huna kosa kwa kuchoka. Unapita kwa ubavu kwenye nyumba yako, mtoto wako hana kitanda, na bado umeandika barua nzima bila neno moja baya juu ya mama huyu. Kuna siku utatamani kurusha kila kitu nje. Siku hiyo ondoka, nenda kwa dada yako au shoga yako, kunywa chai, rudi jioni. Mumeo akisema huna haraka kwa sababu unamwogopa mama, mpe simu asome hapa. Jumapili hii asiende gereji. Aende kanisani na mama, akae naye, warudi wote, na jioni yake ndiyo waanze yale mazungumzo ya bani.

Niandikie mama akishaonwa Kitete, hasa walichosema kuhusu presha. Ila yule jirani akimuuliza tena binti yako, au ukisikia neno lolote la kutaja uchawi, usingoje kuniandikia. Mumeo aende kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo, na likirudiwa, polisi.